Mahali pa Kidole Gumba

Jumatano, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, wakubwa wa kiwanda walituondolea mbao miguuni. Mvuke wa pasi ulikuwa umejaa chumbani, hata vibarua waliokuja kuzibeba walitokea kama watu wa ndotoni: wanainama, wananyanyua, wanapotea. Mbao zile tulikuwa tumezisimamia miaka nenda rudi. Zilikuwa zimelika. Kila mpiga pasi alikuwa na kishimo chake cha kisigino, na hakuna aliyethubutu kusimama penye kishimo cha mwenzake.

"Ni kwa leo tu," meneja alisema akiwa mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na joto. "Wageni wanakuja kukagua, na hayo mambao yenu yanatia aibu. Kesho yatarudi."

Wageni walikuja. Wakatazama mashati, wakatazama dari, wakapeana mikono. Hakuna aliyetazama chini.

Mbao hazikurudi. Tulikuja kuzikuta nje ya ofisi ya meneja, zimepigwa randa na kupakwa vanishi, zimekuwa benchi. Mbao za kusimamia zimegeuzwa za kukalia! Mimi shule sikuimaliza, nayo haikunililia, lakini hilo nililielewa bila mwalimu: kila amri inayowahusu wanaosimama hutolewa na mtu aliyeketi. Tangu hapo nawaita watu wa viti. Wapo kiwandani, wapo hospitalini, wapo popote penye meza pana na kalamu nyingi.

Saruji tupu ya sakafu ilianza kunila taratibu. Kwanza ulikuwa uchovu, kisha moto chini ya kisigino, kisha jioni moja nilitoka kuoga, mke wangu akatazama sakafu, akaangua kicheko.

"Hebu njoo uone ulichokiacha."

Alama ya unyayo wangu ilikuwa imejaa maji kote, haina kiuno, kama mkate uliokaliwa. Yake ilikuwa kando yake, nyembamba katikati, visiwa viwili vilivyoshikana kwa ukanda wa mchanga.

"Mimi niliolewa na paka," alisema, huku akijifuta machozi ya kucheka. "Huyu bata ameingia lini humu ndani?"

Ni kweli, zamani nilikuwa naingia nyumbani kimya hata nikimshtua jikoni, akiruka na mwiko mkononi. Sasa nilikuwa natua pwata, pwata, pwata, na mtaa mzima unajua nimerudi. Jina la Bata likanikaa. Binti yetu alikuwa bado anatambaa siku zile. Yeye hakumjua paka hata kidogo. Alikua akiusikia mlio ule kama watoto wengine wanavyosikia honi ya gari la baba yao, anatupa alichoshika, anakuja mbio mlangoni.

Na kila jioni mke wangu aliketi mkekani, akaupakata mguu wangu, akatafuta kwa kidole gumba mahali pale pale, mbele kidogo ya kisigino. Anabonyeza, anaachia. Anabonyeza, anaachia. Hata hakuwa akiutazama mguu. Alikuwa akizungumza habari za paa la jirani linalovuja, za nguo zilizogoma kukauka, za mwanamke fulani aliyemsalimia kwa pua. Nilikuwa nasinzia katikati ya maneno yake, na usingizi wenyewe ulikuwa unapanda kutoka mguuni, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Alipougua, walimlaza ghorofa ya juu kabisa ya hospitali kubwa. Chini palikuwa na lifti, na juu ya mlango wa lifti pamebandikwa karatasi: HAIFANYI KAZI. Karatasi ilikuwa imeanza kupauka kwa ukongwe. Nilipanda ngazi kila siku nikishika ukuta. Muuguzi aliniambia kwamba mke wangu, macho yamefumbwa, alikuwa ananisikia kabla sijafika hata korido. Alikuwa ananyanyua kidole na kusema, "Huyo." Basi muuguzi anamweka sawa mto, maana mgeni anakuja.

Siku ya mwisho waliniita nikiwa kazini. Nilifika hospitali nimesimama tangu asubuhi juu ya saruji ya meneja, nikaanza kupanda, na katikati ya ngazi miguu ikakataa. Si kwamba iliuma. Kuuma nilikuwa nimezoea. Ilikataa tu, kama punda. Nikakaa. Watu walikuwa wakinipita, mmoja akaniambia, "Pole, mzee," na mimi sikuwa mzee bado. Nilipofika juu, muuguzi alikuwa amesimama nje ya mlango, mikono kaikunja.

"Alikuwa anasikiliza," alisema. "Aliniuliza, Bata bado? Nikamwambia yuko njiani."

Kwa hiyo mimi hesabu yangu ni fupi. Meneja alianza, mkuu wa hospitali akamaliza. Mmoja alininyang'anya miguu, mwingine akaninyang'anya lifti, na baina yao wakanichukulia dakika ambazo mke wangu alizitumia kusikiliza ngazi tupu. Hayo ndiyo niliyokuwa nakunywa nayo chai kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata. Watu walichoka kuyasikia. Mimi sikuchoka kuyasema.

Kisha binti yangu akaja kuniambia ana mimba.

Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akavua viatu. Mumewe ni dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kupiga simu kutoka mahali ambapo hata jina lake huwezi kulitamka.

"Nitajifungulia pale pale, baba," alisema. "Wodi ya wazazi iko ghorofa ile ile. Nataka uwepo."

"Na lifti?"

"Baba. Si unajua."

"Sasa kwa nini unakwenda kwa wauaji?"

"Kwa sababu sina pengine pa kwenda." Alinitazama kwa macho ya mama yake, yale ya kumaliza maneno. "Hasira zako zitafika, hizo sina wasiwasi nazo. Hasira zako hazijawahi kuchelewa. Mimi nataka miguu."

Sijui kama aliona jinsi neno lile lilivyoniingia.

Ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa viungo, aliyesikia kwamba anatibu miguu kwa umeme. Chumba chake kilikuwa chini, mwisho wa jengo dogo linalonuka dawa ya sakafu, na dirisha lake liliangalia ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, kiasi kwamba mwanga wote ulioingia mle ulikuwa laini, kama wa siku ambayo haijaamua kuwa asubuhi au alasiri. Mtaalamu mwenyewe alikuwa msichana, au kwangu mimi msichana, mwenye miwani na kucha fupi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa umeme?"

Akacheka. "Ndio mimi. Lakini usiogope, hakuna sindano wala kisu. Ni vibandiko tu, juu ya ngozi."

Aliniambia nikanyage maji kisha nikanyage karatasi ngumu. Ule mkate uliokaliwa ukatokea tena, umezidi hata kuwa mpana. Akaueleza mguu wangu kama mtu anayeeleza nyumba. Unyayo una upinde, upinde unashikiliwa na kano na misuli midogo midogo, na yangu imelala. Umeme kidogo, wa betri, huifinya misuli na kuiachia, huifinya na kuiachia, mpaka ikumbuke kazi yake. Mifupa haitageuka. Sitakuwa kijana. Lakini unyayo unaweza kunyanyuka kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachopanda ngazi.

"Misuli yangu haijalala," nilisema. "Imechoka. Kuna tofauti."

"Basi tutaiamsha kwa adabu," akajibu.

Alinichorea kwa kalamu ya wino duara mbili upande wa ndani wa unyayo, mahali pa kubandika, akanipa kidude chenyewe niende nacho nyumbani: kidogo kama redio ya mfukoni, kina nyaya mbili na kitufe cha kuzungusha. Kila alasiri, alisema, na baadaye nijaribu mwenyewe kuukunja unyayo bila umeme. Akamgeukia binti yangu, akamtazama tumbo, akasema tuna muda wa kutosha tusipouchezea.

Alasiri ya kwanza niliketi penye mkeka wetu, nikabandika pale nilipochorewa. Nikazungusha kitufe. Walikuja siafu, jeshi zima, wakanipanda unyayo, kisha kitu kikanivuta kwa ndani, dole gumba la mguu likajikunja lenyewe bila ruhusa yangu. Nilichukia. Niliutazama mguu wangu ukijifanyia mambo kama mpangaji asiyelipa. Nikabandua. Na kwa kuwa vibandiko vilikuwa bado vinashika, nikajaribu mahali pengine, nyuma kidogo, mbele ya kisigino.

Nikatulia.

Hapo hapakuwa na siafu. Palikuwa na kubonyeza na kuachia. Kubonyeza, kuachia. Polepole, kwa uzito ule ule, kama wa mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Nikafumba macho, na chumba kikajaa mvuke. Nilihisi mguu wangu umepakatwa. Nilihisi joto la paja kupitia kanga. Kisha, kutoka mbali kidogo, kama sauti inayosikika ukiwa umezamisha masikio majini, nikasikia habari za paa la jirani.

Sikufumbua macho. Mjinga gani angefumbua?

Basi ikawa hivyo kila alasiri. Nilikuwa naosha mguu, natandika mkeka vizuri, nabandika mahali pake, si mahali pa kalamu. Alikuwa anakuja. Wakati mwingine alikuwa kijana, mwiko mkononi, wakati mwingine alikuwa na mikono ile myembamba ya hospitali, lakini kidole gumba kilikuwa kile kile. Nje watoto walikuwa wakicheza, mtu anagonga bati, jua linahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na mimi niko ndani ya alasiri nyingine isiyo na tarehe, ambamo hakuna aliyewahi kuondoa mbao. Hata meneja nilimsahau. Binti yangu alikuwa akija, tumbo linamtangulia, ananiuliza, "Unafanya, baba?" nami namjibu, "Nafanya," bila kusema uongo hata kidogo.

Niliporudi kwa msichana wa umeme, alinikanyagisha tena maji na karatasi. Mkate ule ule. Akaweka karatasi ya zamani na mpya sambamba, akakunja uso. Aliniambia nisimame, niukunje unyayo bila kukunja vidole. Sikuweza. Akachuchumaa, akaushika mguu wangu, akaugeuza kwenye mwanga ule wa maziwa, na nikamwona anaona. Ngozi ilikuwa imeacha alama hafifu ya mraba, mbele ya kisigino. Duara zake za wino zilikuwa zimefutika siku nyingi.

"Baba, kibandiko umekuwa unakiweka wapi?"

Nilitazama ukuta wa nje.

"Hapa?" Akagusa. "Hapa pana mafuta na mfupa. Hakuna msuli wa kuamsha hapa. Umeme unabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

"Yumo," nilisema.

Sikukusudia kusema. Lilinitoka tu. Na likishatoka, yakafuata mengine, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikianza sina breki: mbao, meneja, benchi, lifti, muuguzi aliyekunja mikono. Nikamwambia kwamba yeye na wenzake hawawezi kujua, wao ni watu wa viti, wanachora duara kwenye miguu ya watu kisha wanarudi kukaa. Nilikuwa nimenyoosha kidole kuelekea kiti chake ili nimwonyeshe ushahidi. Kiti kilikuwa kule nyuma ya meza, kitupu, kimewekewa begi. Yeye alikuwa bado amechuchumaa sakafuni, mguu wangu umelala juu ya goti lake. Alikuwa hapo muda wote nilipokuwa namtukana.

Nikashusha kidole.

Kidole chake kilikuwa bado kimekaa pale pale mbele ya kisigino, kimetulia tu.

"Alikuwa anabonyeza hapa?"

"Hapo."

"Sitakukataza," alisema. "Ni mguu wako, na kidude hakitakudhuru. Uchungu wa kisigino kinaweza hata kuutuliza. Lakini nikwambie ukweli, baba: kisigino kinachobembelezwa hakipandi ngazi. Betri ni moja, alasiri ni moja, na binti yako naye hasubiri. Chagua mwenyewe." Akachukua kalamu, akachora duara mbili upya, mahali pa zamani, taratibu sana. Kisha, na hili sijui kwa nini alilifanya, akauacha mguu wangu juu ya goti lake kidogo tena kabla ya kuuweka chini.

Siku hiyo nilitandika mkeka, nikakaa na vibandiko mkononi mpaka vikaanza kukauka gundi. Jua likahama ukuta. Nilimwambia mke wangu maneno ambayo hayahusu mtu. Kisha nikabandika penye wino.

Walikuja siafu. Mguu ukajikunja kama kiumbe kinachoota ndoto mbaya. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Nilifumba macho kwa nguvu, nikapata weusi wa kawaida tu na sauti ya mtu anagonga bati. Alasiri zikawa alasiri, zenye tarehe zao. Nilijifunza kuukunja unyayo peke yangu, kwanza nikikunja uso zaidi kuliko unyayo, baadaye kwa adabu kama alivyosema msichana yule. Na jambo moja nililikosa ghafla: hasira yangu ya asubuhi. Nilikuwa naitafuta kwenye chai, naipata, lakini imepoa. Si kwamba niliwasamehe. Mbao zetu bado wanazikalia. Lakini asubuhi nilikuwa na kazi nyingine, nilikuwa nafanya mazoezi.

Jirani aliyekuwa akiniita Mzee Bata alinilalamikia. "Siku hizi unatutokea kama mwizi," alisema. "Weka basi hata kengele."

Na siku moja nilitoka kuoga, nikageuka kuchukua taulo, nikaona sakafu. Alama ya unyayo wangu ilikuwa pale. Haikuwa visiwa viwili, haikuwa kitu cha kujisifia. Ulikuwa bado ni mkate. Lakini upande wa ndani, katikati, palikuwa pamebaki pakavu, padogo, pa mviringo, kana kwamba mtu alipita na kubonyeza kwa kidole gumba kisha akaendelea na mazungumzo yake.

Nilisimama hapo mpaka maji yakakauka yote na alama ikaondoka nayo.

Simu ya binti ilikuja mchana wa jua kali. "Baba, wakati umefika. Nimeshapanda juu." Alihema. "Njoo nikusikie."

Hospitali ilikuwa imepakwa rangi upya. Penye mlango wa lifti ile karatasi iliyopauka haikuwepo. Wakubwa walikuwa wameona aibu, wakatengeneza kibao cha chuma chenye herufi nzuri za kuchonga: HAIFANYI KAZI.

"Mzee, tumia ngazi," askari wa mlangoni aliniambia.

"Kibao kizuri," nikamjibu. "Kitadumu."

Nikaanza kupanda. Sikushika ukuta. Unyayo ulikuwa unauma, maana sikuambiwa kwamba hautauma, lakini kila nilipoukanyaga ulijivuta kidogo, ukanyanyuka, ukanipokeza kwa mwenzake. Nilifika pale katikati, kwenye ile ngazi niliyoikalia. Niliijua kwa pembe yake iliyovunjika, ambayo rangi mpya ilikuwa imeifunika bila kuiziba. Miguu ikasita. Niliisikia inakumbuka. Watu walikuwa wakinipita, mtu akaniambia, "Pole, mzee," na safari hii nilikuwa mzee kweli.

"Nimeshapoa," nilimwambia, nikaendelea.

Korido ya juu ilikuwa ndefu na nyeupe, madirisha yake yote yamefunguka, mapazia yanapumua kuingia na kutoka. Nilitembea humo kama mtu anayetembea ndani ya nguo iliyoanikwa. Hapo ndipo nilipogundua sijisikii. Hakukuwa na pwata. Nilikuwa nakwenda kwa miguu yangu miwili, kwa haraka, na sakafu haikusema neno, kama zamani, kama jioni zile za kumshtua mtu jikoni.

Muuguzi alikuwa mlangoni. Mikono yake haikuwa imekunjwa. Alikuwa ameshika taulo.

"Wewe ndiye baba?" alinong'ona. "Ingia, ingia. Bado hajajifungua. Tangu afike amekataa hata redio, anasema anasikiliza kitu."

Binti yangu alikuwa amelala kwa ubavu, ameelekea ukutani, macho kayafumba, ngumi imeshika shuka. Jasho lilikuwa limemlaza nywele. Uchungu ulimjia ukampitia, nikamwona anausindikiza kwa pumzi mpaka ukaisha, kisha akatulia tuli, ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, sikio limeelekezwa mlangoni, kule kwenye korido, kwenye ngazi, mbali zaidi yangu.

Nikasogea. Hatua moja, nyingine. Nilikuwa tayari karibu kiasi cha kumgusa bega. Pazia likaingia, likatoka. Uso wake, bila kufumbua macho, ulikunja ndita.

"Nani huyo?" aliuliza.